Mita Iliyokula Jua la Mukandori

Ukiteremka Rubona, kabla hujafika kwenye mitumbwi, utaona nyumba yenye bati la bluu na paneli mbili za jua juu yake. Hapo anakaa Mukandori, muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Watu humwita Mama Belise, kwa jina la binti yake aliyeolewa Mahoko. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya ghuba, na akishika jambo, haliachi mpaka liseme lenyewe.

Paneli hizo alizitafuta yeye. Alikuwa amechoka kuona sambaza zikilegea ndani ya friza kila uniti za kashipawa zinapokwisha. Maana mita zetu ndivyo zilivyo: unanunua umeme kwanza, unaingiza namba, ndipo unawasha. Fundi Gad akampandishia paneli, akafunga kisanduku kinachogeuza umeme wa jua uwe sawa na ule wa nguzo, akauingiza kwenye nyaya za nyumba.

"Mama," Gad akamwambia, "jua ikiwa mingi kuliko kazi ya nyumba, ile inabakia inapita kwa mita, inaenda inje kwa nguzo."

Mukandori alisikia, akaelewa kwa njia yake. Kama umeme unapita kwenye mita, basi mita itajaa, kama bidoni la maji chini ya bomba. Tangu siku hiyo, jua likichomoza tu, huyo mbio: anazima friza, anazima redio, anachomoa hata simu. Mumewe Bimenyimana ni mvuvi, na betri za taa za mitumbwi walikuwa wakizichaji pale nyumbani mchana ili wavulie usiku. Nazo akazitoa mlangoni kwa mikono yake.

"Muende muchajie kwa jirani. Hapa jua iko inajaza mita."

Mita ikawa inakula uniti. Siku ya mawingu ilikula kidogo. Siku ya jua kali ilikula kama mtu aliyetoka kuugua malaria. Mukandori akazidi kuzima, nayo ikazidi kula.

Bimenyimana alivumilia, akavumilia, halafu akachoka.

"Mama Belise, ulituletea mugeni anakula kuliko wenye nyumba. Nimeongea na Habineza wa Busasamana, ule analima viazi. Siku ya Mungu, kisha misa, anakuja na pikapu yake kununua paneli. Nimeshamupatia neno langu."

"Neno ni yako. Paneli ni zangu."

"Na sambaza zinaoza, ni za nani?"

Mukandori akatazama uani. Asubuhi ileile alikuwa amewamwagia kuku samaki wa friza nzima. Alijua vilevile kwamba paneli zikishuka hazitapanda tena, na kwamba bila barafu hatakuwa muuza sambaza. Atakuwa mwanamke anayekimbizana na joto mpaka sokoni.

"Bon," akasema. "Mupaka siku ya Mungu. Nikikosa kujua hii mita inakula nini, mi mwenyewe nitakushikia ngazi."

Kesho yake mbingu ilikuwa safi, volkano ya Nyiragongo ikionekana mpaka mdomoni. Mukandori akavuta kigoda, akakaa mbele ya mita. Ina kitaa chekundu kinachokonyeza: umeme ukipita mwingi kinakonyeza haraka, ukipungua kinasinzia. Nyumba nzima ilikuwa imezimwa, hakuna hata balbu moja, na kitaa kinakonyeza kama kichaa.

"We unamukonyeza nani?" akakiuliza.

Akaenda nyuma ya nyumba, akachukua shitingi anayofunikia vikapu wakati wa mvua. Akasimamisha ngazi, akafunga kitenge chake vizuri katikati ya miguu, akapanda.

"Ayi we, Mama Belise!" Ni Kamikazi, jirani, amesimama uani mikono kiunoni. "Unaanika nini kule juu?"

"Naanika akili yangu! Ilikuwa imeloa."

Akazifunika paneli zote mbili, akashuka, akatazama. Kitaa kimenyamaza. Akapanda tena, akafunua, akashuka. Kinakonyeza. Akarudia, na akarudia tena, mpaka magoti yakamlilia na Kamikazi akaacha kucheka, akabaki anatazama tu.

Mukandori akarudi kwenye kigoda. Nyumba haili kitu. Jua likifunikwa, mita haili. Likifunuliwa, inakula. Akampigia Gad.

Gad alifika na pikipiki, kofia bado kichwani. "Mama, ile haiwezekani."

"Usiniambie haiwezekani. Angalia na macho."

Akaangalia. Akakuna kisogo. Kisha akabonyeza namba kwenye vitufe vya mita, tarakimu zikatokea. "Hapa ni umeme yenye iliingia." Akabonyeza nyingine. "Na hapa, yenye ilitoka."

Zilikuwa sifuri tupu, zimejipanga.

"Sifuri? Na hii jua yote?"

"Yote imeandikwa kule kwa ile umekula." Gad akavua kofia. "Hii mita ilipangwa kwa nyumba haina paneli. Ikiona umeme inapita, inahesabu. Haiulizi kama inaingia ao inatoka. Ni mi nilipaswa kuangalia mbele ya kufunga. Unisamehe, mama."

"Nitakusamehe kesho. Leo niambie dawa."

"Dawa yenyewe ni kuomba kampuni ya umeme waipange upya, ao walete ingine, yenye kutenga za kuingia na za kutoka. Ile inaomba subira. Donc, kwa sasa…"

"Kwa sasa jua isitoke," Mukandori akamkata. "Ikuliwe humu ndani."

"Ndiyo hiyo!"

Mukandori akakumbuka friza aliyokuwa akiizima kila asubuhi, na betri alizozifukuza. Akacheka mpaka machozi. "Yewe Gad! Nilikuwa nafukuza jua kwa nyumba yangu, halafu namulipia na nauli."

Jumapili Habineza alifika na kamba zake tayari. Bimenyimana alikuwa bado na koti la misa.

"Ngazi iko pale," Mukandori akasema. "Lakini mbele ya kupanda, Baba Belise, uje hapa."

Akamsimamisha mbele ya mita. Nyumba imezimwa, kitaa kinakwenda mbio. "Washa friza." Bimenyimana akawasha. Kitaa kikapunguza mwendo. "Sasa leta betri za taa."

"Zile ulifukuza?"

"Zile nilifukuza. Usinicheke, lete!"

Akaenda kwa jirani, akarudi na betri moja kila mkono, koti limeshika vumbi. Wakazichomeka. Kitaa kikakonyeza mara moja. Wote watatu wakainama, wakasubiri kikonyeze tena. Wakasubiri sana. Friza ikawa inanguruma peke yake ndani ya nyumba.

Bimenyimana akajinyoosha, akamgeukia mgeni. "Muzee, neno nilikupatia, ninalikumbuka. Lakini hizi paneli sizishushi."

"Nimetoka Busasamana na benzini yangu!" Habineza akapaza sauti. "Mutu muzima unageuka hivi?"

"Uko na haki ya kukasirika," Mukandori akasema, "lakini ukasirike ukiwa unakula." Akamwekea sahani ya sambaza za kukaanga. Habineza alikula, uso umekunjwa, mpaka sahani ilipokuwa karibu kwisha.

"Na mi," akauliza hatimaye, bila kuinua macho, "nikipata zingine, mita yangu itanifanyia vilevile?"

"Sijui. Haijaniambia bado." Mukandori akapangusa mikono kwenye kitenge. "Kesho niko kwa ofisi ya umeme na Gad, na sitatoka pale mupaka waandike siku ya kuja. Kesho kutwa napanda kwako. Tutaiangalia."