Mama Alikaa Juu ya Kazi Yangu

Siku yangu ya kwanza kwenye shantie ya kuunda maboti, hapa mjini Baraka, kapita alinikabidhi nyundo, patasi butu na fundo la pamba. Kapita ndiye msimamizi wa mafundi, na wetu alikuwa mtu wa maneno machache na macho makali. Kazi yangu ilikuwa kalafati: kuchovya pamba katika mawese na kuishindilia kati ya ubao na ubao, maji ya ziwa yasipate njia. Ukishindilia kidogo, boti linavuja. Ukizidisha, mbao zinaachana. Mimi niliiona kazi ya kitoto, nikawa napiga nyundo huku napiga mluzi.

Kapita akasimama nyuma yangu.

"Mama yako iko?"

"Iko, Kapita. Iko ku shamba."

"Anajua kuogelea?"

"Hapana."

"Siku ya kushusha hii boti, utamuleta. Atakaa apa penye unapiga. Bafundi bote banaletaka bazazi yabo."

Mluzi ukakatika. Nilidhani ananitania, kumbe ndiyo ilikuwa sheria ya shantie. Tangu saa ile mkono wangu ulibadilika.

Siku ikafika. Tulikuwa tumelilaza boti kwenye maji machache ya ufukweni hadi mbao zikavimba, lakini kipimo chenyewe ni watu na mzigo. Mama alikuja na kitenge chake cha ibada, kandambili ameshika mkononi, akakaa juu ya mshono wangu miguu mitupu. Tulipofika kwenye kina sikutazama ziwa wala watu. Nilikodolea macho ule ubao tu.

"Miye siogope," alisema tuliporudi. "Ni weye uliogopa."

Baadaye nilipelekwa shantie ya Kazimia, nikawa kapita mimi mwenyewe. Huko tajiri mmoja, mwenye boti, alitaka kupakia kabla hatujamaliza.

"Kapita, ku soko banatungoya! Mambo ya bamama ni ya zamani."

"Basi leta wa kwako, akae."

Akaketi juu ya magunia yake, akasubiri.

Vijana huniuliza nilipataje nyumba ya matofali na kusomesha watoto kwa nyundo tu. Wanadhani nawaficha dawa. Dawa sina. Mama alifariki zamani, na ninamkumbuka sana, lakini kila pamba niliyoshindilia nilimwona amekaa pale. Wenye maboti walinifuata kwa sababu hiyo.

Sasa mabega yamechoka, nyundo nimemwachia binti yangu Riziki. Juzi alikuwa anashusha boti lake la kwanza, akaja kuniita. Nilivaa viatu vyangu vya ngozi, vile vya kanisani, nikaingia nikakaa aliponionyesha. Tulipofika kwenye kina nikamwona anakodolea macho ubao.

"Baba, vua viatu! Maji itaviharibu."

"Maji gani?" nikamwuliza.