Mizani ya Shemeji

Dada wa mke wangu anafundisha hisabati na kompyuta katika sekondari moja kule Ushirombo. Mke wangu alipojifungua, dada huyo alikuja kwetu Kahama kumsaidia mdogo wake. Mimi natengeneza programu za maduka, na mchana ule nilikuwa nimekwama kwenye fumbo lililotumwa katika kundi letu la waandishi wa programu.

"Shikamoo, shemeji. Hebu njoo uone balaa hili."

"Marahaba. Nisomee, mikono yangu ina kazi." Alikuwa anamenya karanga za kulia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

Nikamsomea. Una mizani ya sahani mbili na mawe ya kupimia: la gramu moja, la tatu, la tisa, na kuendelea, kila jiwe mara tatu ya lililotangulia. Jiwe unaweza kuliweka pamoja na mzigo, au upande wa pili, au ukaliacha. Ukipewa uzito wowote, programu iseme kila jiwe likae wapi. Mshindi ni mwenye programu yenye herufi chache kuliko zote.

"Gramu tano," alisema, akafikiri kidogo. "La tisa upande wa pili. La tatu na la moja yakae na mzigo. Sawa. Nionyeshe yako."

Yangu ilikuwa imejaa masharti: gawanya uzito kwa tatu, baki ikiwa moja fanya hivi, ikiwa mbili fanya vile. Aliisoma kama anasahihisha mtihani.

"Yote haya ya nini, shemeji? Ongeza moja kabla hujagawanya kwa tatu. Kisha baki itakayotoka, ipunguze moja: ikiwa hasi moja, jiwe likae na mzigo; ikiwa sifuri, liache; ikiwa moja, upande wa pili. Basi."

Nilijaribu. Masharti yote yakafutika, ikabaki programu ya mstari mmoja, nayo ilijibu sawasawa. Niliitazama kwa muda, nikiwa na furaha kama niliyeiandika mimi.

"Tuma?" nikauliza.

"Weka sifuri kwanza."

Nikaweka. Kioo hakikuonyesha kitu, wakati kanuni zilitaka jibu kwa kila namba.

"Shemeji, nani atapima hewa?"

"Sifuri ni namba. Hatutumi kitu kibovu."

Akambeba mtoto begani, akawa anazunguka sebule akimbembeleza na kunitajia herufi za kubadilisha. Mtoto alipolala, sifuri nayo ilikuwa imepata jibu. Programu ilirefuka kidogo, tukaituma.

Matokeo yalipotoka, mtu tusiyemjua alikuwa ametushinda kwa herufi moja. Mimi nilinuna. Yeye aliichukua simu yangu, akaifungua programu ya mshindi, akaisoma polepole, kisha akapiga makofi.

"Aisee, huyu mtu ana akili! Umeona alivyoigeuza hapa?"

Sikuwa nimeona. Akanieleza, akarudia, mpaka na mimi nikacheka. Kisha akamwandikia yule mtu pongezi, akamwomba ruhusa ya kuwaonyesha wanafunzi wake programu hiyo shule zikifunguliwa.