Vitambaa Vyekundu vya Shangazi

Shangazi yangu si mtu wa kukata tamaa hovyo, lakini siku ile nilimwona akikaa vumbini kama mzigo ulioshushwa. Hasira ninayo mpaka leo.

Shamba lake la mipapai liko kwenye ardhi kame ambayo wenzake waliwaachia mbuzi. Hakuna mwingine upande ule aliyejaribu mapapai. Maji anachota kisimani, anamwagilia kwa ndoo, shina kwa shina. Mumewe, aliyeko mjini kikazi, uvumilivu ulimwishia: "Msimu huu isipozaa, funga mizigo uje huku." Huko kwenyewe ni chumba kimoja cha kupanga, mlango haufunguki wote kwa sababu ya kitanda. Shangazi akaapa itazaa.

Sasa mipapai ina madume na majike, na huijui mpaka itoe maua. Dume halizai, kazi yake kunywa maji tu. Lakini ukiyafyeka madume yote, majike hayashiki matunda. Kwa hiyo shangazi alichagua machache ya kubaki, akayafunga vitambaa vyekundu asije akajisahau. Mengine akayakata, kisha akachukua ndoo akaenda kisimani.

Aliporudi alimkuta shemeji yake, tunayemwita Msumeno, ameshika panga, jasho linamtiririka, meno yote nje.

"Pumzika, shemeji! Nimeona umeachia kazi katikati, nikakumalizia."

Vitambaa vyote vilikuwa chini, bado vimefungwa kwenye mashina.

"Nani kakutuma?" shangazi akauliza.

"Si umeweka alama mwenyewe?"

Msumeno ni mkata miti. Kazini kwao, mti wenye alama ndio unaoangushwa. Ungemwambia nini mtu huyo? Mimi nilikuwa nayo mengi ya kumwambia, ila shangazi akanikata jicho.

Alihangaika kuokota maua ya madume yaliyolala chini ayapake kwenye majike. Jua lilikuwa limeshayamaliza, yakamvunjikia vidoleni. Kupanda dume lingine mpaka lichanue, msimu utakuwa umekwisha. Ndipo akakaa chini.

Msumeno, masikini, alikuwa bado hajaelewa. Akajifuta uso. "Shemeji, nina kiu. Nipatie maji kidogo."

Shangazi akamsogezea ndoo nzima.

"Kunywa tu, shemeji. Hakuna mwingine anayeyahitaji."