Gari Lililokataa Kuinuka Chalinze

Saa mbili asubuhi, Chalinze, Agosti 1974. Miguu miwili imechomoza chini ya gari la Bwana Fakhruddin, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Nyuma ya gari kuna tela, na juu yake mashine ya kusaga inayosubiriwa Lugoba.

"Shikamoo, Bi Mwanaasha," inasema sauti kutoka chini.

"Marahaba. Toka huko kwanza, mimi siamkiwi na viatu," anajibu Mwanaasha, aliyetumwa na kijiji kuileta mashine. Wanawake wa Lugoba wanatwanga kwa mikono wiki ya tano sasa.

Anayetoka ni Bwanaheri Msabaha, fundi wa magari, umri miaka arobaini na mmoja.

Gari hili halina springi. Linabebwa na mafuta yanayosukumwa na pampu, na dereva huchagua kimo chake kwa mkono wa chuma kando ya kiti. Likifungwa tela, nyuma hulala, bampa ikakaribia kugusa ardhi. Mafundi wawili wamekwisha kubadilisha mafuta. Halikuinuka.

Bwanaheri habadilishi kitu. Anafungua tela, injini ikiwa inaunguruma. Gari linainuka. Kisha anawakalisha Fakhruddin na Mwanaasha juu ya buti.

"Fundi, unanipima kama gunia?"

"Gunia halisemi, Bi Mkubwa. Tulia."

Gari linazama, halafu linapanda tena. Anapima kwa ufito: kimo ni kile kile.

"Basi pampu ni nzima," anasema. "Watu linawabeba, linakataa tela tu. Nitazame chuma kinacholishika."

Anapanga vigogo chini ya gari kabla ya kurudi uvunguni. Mwaka 1969 gari la aina hii lilivuja mafuta likamshukia. Bega la kushoto lilivunjika, akakaa miezi minne bila kazi.

Kosa analikuta kwenye chuma cha kuvutia tela, kilichochomelewa mtaani. Uzito wa tela ukikikandamiza, kinapinda na kukibana kijiti kinachoijulisha vali ya kuingiza mafuta kwamba nyuma imeshuka. Anakata kona ya chuma hicho kwa msumeno, upana wa vidole viwili. Tela linafungwa tena.

Sekunde arobaini. Nyuma inapanda.

"Kumbe ulikuwa unajua!" anasema Fakhruddin.

"Sikujua. Ndiyo maana nilipima. Nenda polepole."

Alasiri utingo wa basi analeta habari: mashine imefika, imeshushwa salama.

Bwanaheri hashangilii. Chuma alichokikata kimepungua nguvu, na Alhamisi atamtengenezea Fakhruddin kingine. Baada ya hapo anataka kuchimba shimo la kufanyia kazi chini ya magari na kulisakafia. Anahitaji mifuko kumi na miwili ya saruji, anayo saba.

"Likikamilika," anasema, akijikung'uta vumbi mgongoni, "nitatengeneza magari nikiwa nimesimama."