Pingili Nilizoacha Kuhesabu

Siku Daktari aliponiomba nizipitie upya chupa za shemeji yangu, nilipaswa kusema hapana. Nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Ningemwambia tu kwamba huyo ni mume wa dada yangu, na kwamba nina kinyongo naye, kwa hiyo ampe mtu mwingine. Alikuwa mwanamke mwelewa, angeshukuru. Lakini nilikuwa nimengoja nafasi kama hiyo kwa miezi, ingawa sikujua kuwa nilikuwa nangoja.

Tulimwita Daktari, na jina hilo lilituletea vituko. Alikuwa mtaalamu wa samaki aliyefanya kazi pwani miaka mingi, akarudi Kitale kumtunza mama yake, akapanga vyumba viwili nyuma ya duka la dawa za mifugo. Watu kutoka Endebess walikuja na habari za ng'ombe wasiokula. Shemeji aliwapokea mlangoni.

"Mzee, huyu ni daktari ya samaki."

"Samaki anaugua nini?"

"Hawa wetu walishakufa. Tunawaangalia tu."

Wageni walicheka, Daktari naye alicheka kule ndani. Mimi sikucheka. Tayari nilikuwa nimeanza kuhesabu ni mara ngapi kwa siku anamchekesha.

Ni mimi niliyemleta shemeji. Nilikuwa nimestaafu kutoka shule moja ya upili Bungoma, ambako nilitunza maabara kwa zaidi ya miaka thelathini: kuosha vioo, kupanga kemikali, kufuta lenzi. Daktari alitaka watu wawili wenye mikono tulivu, nikamkumbuka mume wa kitinda mimba wetu. Alikuwa fundi wa saa na redio pale Ndalu, na siku hizi watu hawatengenezi tena saa. Nilimwonyesha jinsi ya kuinua kioo cha hadubini polepole, na jinsi ya kumshika kiumbe kwa kibano bila kumkata. Baada ya wiki tatu alikuwa amenipita.

Chupa zilifika kwa basi, zimefungwa magazeti. Ndani, kwenye fomalini, ile dawa ya kuzuia kuoza, mlikuwa na vitoto vya samaki vilivyochotwa mahali mto unapoingia baharini. Kimoja kilikuwa na urefu wa punje ya mchele, chembamba kama uzi, na macho mawili meusi. Sisi wawili hatukuwa tumeiona bahari hata siku moja. Kazi yetu ilikuwa kutenganisha aina mbili za dagaa ambao ni ndugu wa karibu sana. Wakishakuwa wakubwa, hata mchuuzi anawajua. Wakiwa wadogo hivyo, ni kama pacha. Daktari alitaka kujua kama aina zote mbili hukuzia watoto pale mlangoni mwa mto, au ni moja tu. Mtu akikosea chini ya hadubini, jibu lote limeharibika.

Tulianza na madoa. Aina moja ina mstari wa madoa meusi chini ya utumbo, kutoka kifuani hadi karibu na mkia. Nyingine ina madoa machache mkiani tu. Halafu tuliangalia pezi la chini linaanzia wapi, kama ni chini ya pezi la mgongo au nyuma yake. Ukibaki na shaka, unahesabu pingili za misuli, zilizopangana ubavuni kama vifundo vya muwa. Aina yenye madoa mengi ina pingili kama tatu zaidi. Hesabu hiyo ndiyo hakimu wa mwisho, lakini inachosha macho, unaweza kukaa nusu saa kwa kiumbe mmoja.

Mimi nilihitaji kuhesabu kila mara. Shemeji alitazama, akasema, "Huyu ni yule mwingine," na mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Kisha alichora. Alikuwa na penseli aliyoichonga kwa wembe, na alichora kila doa mahali pake. Daktari aliuchukua mchoro wake mmoja akaubandika ukutani. Kesho yake dada yangu alinipigia simu.

"Kaka, ati mzee wangu amebandikwa ukutani?"

"Ni mchoro tu."

"Mchoro tu! Na wako uko wapi?"

Alikuwa akinitania, kama alivyonitania tangu utoto. Nilikata simu nikisema mtandao ni mbaya. Kwa wiki nzima niliingia kazini nikitazama chini ili nisiuone ule ukuta.

Ndipo Daktari akatuambia kwamba angemchukua mmoja wetu pwani kwa miezi sita, kutambua vitoto vikiwa bado vibichi, kabla fomalini haijavigusa. Sikulala vizuri tangu siku hiyo. Nilikuwa mkubwa, nilikuwa wa kwanza, na nilijua kuwa atamchukua yeye.

Lakini ilibaki kanuni ya kazi: chupa kadhaa za kila mmoja lazima zipitiwe na mwenzake. Shemeji alikuwa ameandika kwamba chupa sita za mwisho zina aina zote mbili, jambo ambalo Daktari hakulitarajia. Alikuwa anasafiri kwa mkutano. "Mzee, nipitie hizi sita," alisema. "Nikirudi nitajua nani wa kwenda."

Nilizipanga mezani kwangu, chini ya dirisha. Mahali pa chupa hizo palikuwa kabatini, kwenye giza, kwa sababu mwanga wa jua hufuta madoa ya vitoto hivi. Nilijua hilo kuliko mtu yeyote mle ndani, maana ni mimi niliyemfundisha shemeji. Sikuziacha pale kwa makusudi. Nilikuwa naahirisha tu, naogopa kukuta hajakosea. Nilipozifungua baada ya wiki mbili za jua la Januari, vitoto vyote vilikuwa vyeupe. Madoa ya tumboni yalikuwa yamekwenda.

Mchoro wa shemeji wa vitoto hivyo ulikuwa kando yangu, na madoa yote yakiwa mahali pake. Nilijua kilichotokea. Hata hivyo, nilimlaza kitoto mmoja kwenye kisahani nikaanza kuhesabu pingili, kwa sababu mkono ulikuwa umezoea. Nilifika thelathini na kitu, nikaona zilizobaki mbele zitavuka hesabu ya aina ile nyingine. Niliinua macho. Nikajiambia yamechoka. Nikaandika kwenye fomu, kwa chupa zote sita: aina moja tu.

Daktari alirudi akatuita wote wawili. Shemeji aliisoma fomu mara mbili.

"Si hawa walikuwa na madoa, shemeji? Niliyachora."

"Mimi sikuyaona," nikasema. Hapo nilikuwa bado sijasema uongo.

"Pengine ni jua. Lakini pingili? Ulihesabu?"

"Nilihesabu."

Daktari alinitazama, akamtazama yeye. Kabla hajafungua mdomo, shemeji alitabasamu kidogo.

"Kama amehesabu, amehesabu. Basi ni mimi sioni, bana. Saa zimenimaliza macho."

Hakunishuku hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, na bado niliiacha fomu vilevile. Ijumaa ile alifuta hadubini yake, akaifunika kwa kitambaa, akarudi Ndalu. Hakufukuzwa. Alisema hawezi kula mshahara wa macho asiyoyaamini.

Nilienda pwani mimi. Asubuhi ya kwanza, wavu mdogo ulipotolewa majini pale mlangoni mwa mto, Daktari alinimiminia kidogo kwenye kisahani. Vitoto vilikuwa bado vinajipinda. Karibu nusu ya vitoto hivyo vilikuwa na mstari wa madoa chini ya utumbo, meusi kama wino, vilevile alivyochora mtu ambaye hajawahi kufika pale. Nilijikuta namwonea wivu hata wakati huo, mamia ya maili kutoka kwake, akiwa shambani kwake na jembe.

Nilinyamaza miezi sita yote. Tuliporudi Kitale nilimwambia Daktari. Hakupaza sauti. Alitoa zile chupa sita, tukakaa, na safari hii nilihesabu mpaka mwisho, mbele yake, kitoto baada ya kitoto. Shemeji hakuwa amekosea hata mmoja. Daktari alirekebisha maandishi yake, akampigia simu kumwomba arudi. Shemeji alimjibu kwa upole kwamba amepanda mahindi. Kwangu hakukuwa na kazi tena, na nisingeitaka.

Nilikwenda Ndalu mwenyewe. Shemeji alinipa kiti na chai, akaniuliza kuhusu bahari. Nilimweleza yote. Alinisikiliza akipindua kikombe mkononi, kisha akatoka kwenda kuangalia ng'ombe, na hakurudi nikiwa pale. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

"Ulijua, kaka?"

"Nilijua."

"Ukamwacha aseme ni macho yake?"

"Ndiyo."

"Miezi sita ananiuliza asubuhi kama naona kile anachoona yeye."

Alinisindikiza hadi barabarani, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, lakini hakuniaga.

Agosti ya mwaka uliofuata ulikuwa msimu wa kutahiri. Mtoto wao wa mwisho alikuwa tayari. Kwetu Bungoma, kijana huja kwanza kwa mjomba wake, ndugu wa mama, na mjomba humchinjia mnyama na kumvika shingoni kipande cha nyama, ili aende kwa kisu akijua upande wa mama yake uko naye. Nilikuwa na fahali. Nilikaa nyumbani siku mbili nikimngoja, nikisikia njuga za vijana wengine zikipita barabara ya chini. Kijana alipelekwa kwa binamu yetu kule Webuye, akavikwa huko.

Dada yangu ni mmoja tu, na sikuwa na mpwa mwingine aliyebaki wa kunijia. Miezi sita ya bahari ilinigharimu hao wawili, na yule mwanamume aliyeamini neno langu kuliko macho yake.