Aliuawa, Siyo Alifariki

Nyumbani kwetu Mbozi tulizungumza Kinyiha, lakini baba alipoanza kusema Kiswahili tulijua serikali imeingia ndani. Alikuwa balozi wa nyumba kumi. Tulipokula naye alikuwa baba tu, anatania, anamchokoza mama. Jirani akibisha hodi kuleta shauri la mpaka wa shamba, baba alivaa koti, akakohoa kidogo, na sauti ikabadilika. "Karibu. Eleza." Mimi na kaka yangu tulimuigiza nyuma ya nyumba mpaka mbavu zikauma kwa kucheka. Hata hivyo tuliamini. Ng'ombe wetu alipoibwa, baba aliandika barua, na baada ya wiki moja mgambo walimrudisha wakimswaga barabarani, watu wote wanaona. "Mmeona?" baba alituambia. "Serikali ina mkono mrefu." Wakati huo maneno hayo yalikuwa ya kutuliza.

Mimi nilisoma ualimu nikapangiwa shule ya msingi Tunduma. Kaka alibaki kijijini na kahawa. Alikuwa katibu wa chama cha msingi cha wakulima, mwandiko wake mzuri kuliko wangu mimi mwalimu. Ulipofika uchaguzi wa serikali za mitaa alichukua fomu kugombea uenyekiti wa kijiji kwa upande wa upinzani. Baba hakumsemesha wiki nzima. Kisha akamwita uani akamwambia, "Gombea. Sheria inaruhusu."

Jina lake lilikatwa. Barua ilisema hajui kusoma wala kuandika.

Kaka hakugomba. Alisubiri mkutano wa kijiji, akasimama, akaomba nafasi, akaisoma barua ile mbele ya watu, neno kwa neno, mpaka nukta na mkato alizitaja. Watu walicheka, wakapiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele. Waliokaa meza kuu hawakucheka. Aliponisimulia kwenye simu nilicheka nami, kisha nikamwambia, "Kaka, punguza." Akasema, "Nimesoma tu. Kusoma nako ni kosa?"

Walimchukua msimu wa kahawa uliofuata. Nilikuwa likizo, nipo nyumbani, kwa hiyo hili sikusimuliwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, baridi ya Mbozi bado haijakatika, kaka amevaa sweta ya bluu aliyofumiwa na mkewe. Tulikuwa tunageuza kahawa kwenye vichanja. Gari jeupe lisilo na namba lilisimama mlangoni, wakashuka wanaume wanne wenye nguo za kiraia. Mmoja akasema, "Sisi ni askari. Tunamhitaji huyu kwa mahojiano mafupi."

"Kitambulisho?" kaka aliuliza.

"Utaonyeshwa kituoni."

Majirani walikuwa wamekwishajaa. Wanawake waliotoka kuchuma walisimama mbele ya gari na vikapu vyao, na mmoja akakaa kabisa chini barabarani. Gari lisingeweza kutoka. Ndipo baba akavaa koti lake, akatoka, akasema kwa Kiswahili: "Jamani, wapisheni. Mwanangu, nenda nao. Mtu asiye na kosa haogopi serikali."

Kaka alimtazama baba. Kisha akanipa mimi simu yake, akapanda.

Tulianza kumtafuta jioni ileile. Kituo cha kwanza cha polisi, hayupo. Cha pili, hayupo. Cha tatu askari alifungua daftari, akapitisha kidole, akasema hawana mtu wa jina hilo na hawakutuma gari lolote. Baba akawaeleza kwamba yeye ni balozi. Askari akamjibu kwa upole, "Mzee, hao watakuwa watu wasiojulikana."

Baba alisimama pale kaunta kama mtu aliyesahau njia ya kwao.

Siku ya tano kaka alionekana. Akina mama waliokwenda kuvuna ufuta upande wa Msangano walimkuta pembeni mwa shamba. Tulimtambua kwa sweta. Sitaandika hali tuliyomkuta nayo. Mkewe bado yu hai na huenda akayasoma haya.

Tulipewa mwili na maagizo. Mazishi yawe ya haraka, hotuba zisiwepo. Mtendaji mmoja wa kata alikuja msibani, akatuita pembeni mimi na baba, akasema ni vizuri pia msalaba uandikwe kwa busara: jina, tarehe ya kuzaliwa, alifariki lini. "Tusichochee hisia za watu," alisema.

Fundi wa msalaba alikuwa rafiki wa kaka. Alikuwa amekwisha kuuranda na kuupaka rangi nyeupe, lakini kabla ya kuandika neno akaiweka brashi chini. "Dada, mimi nina watoto," akaniambia. Nilimwelewa. Nikaichukua brashi. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza kuumba herufi kwa miaka mingi, najua kuandika maandishi yanayoonekana kutoka mwisho wa darasa. Nikaandika jina la kaka, siku aliyozaliwa, na chini yake, kwa herufi kubwa: ALIUAWA.

Mtendaji aliuona msalaba ukiwa umeegemezwa ukutani. "Mwalimu," akasema, "wewe ni mtumishi wa serikali."

"Ndiyo. Kazi yangu ni kufundisha watu kuandika sawasawa."

"Unajua maana ya neno hilo?"

"Wewe nieleze alifariki kwa ugonjwa gani, nitalifuta sasa hivi."

Akamgeukia baba. Nami nikamgeukia baba. Nilidhani atasema nifute, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kutuliza mambo. Baba aliusogelea msalaba. Kisha akajibu kwa Kinyiha, lugha ambayo mtendaji yule, mtu wa mbali, hakuijua: "Rangi haijakauka. Msiguse."

Siku iliyofuata mazishi baba aliishusha bendera ya ubalozi wake iliyokuwa kwenye mlingoti uani kwetu tangu sijazaliwa. Aliikunja vizuri, akaipeleka ofisini kwa miguu, na hakuondoka mpaka wamemwandikia karatasi kwamba wameipokea.

Msalaba ulidumu siku tisa, ukang'olewa. Fundi yuleyule, aliyeiweka brashi chini, akaja mwenyewe na mwingine. Huo nao ukang'olewa. Wa tatu kijiji kiliujenga kwa saruji. Kila nyumba ilileta ndoo ya mchanga, na neno nikalichora kwa msumari kabla saruji haijashika. Huo upo mpaka leo.

Miezi miwili baadaye nilipokea barua ya uhamisho. Walinitoa Tunduma wakanipeleka milimani, Ileje, shule ambayo ukishuka kwenye basi dogo Itumba bado unatembea nusu siku. Walitaka nikome. Nikafika kwa wakulima Wandali walionipokea kwa mahindi ya kuchoma, wakaniuliza nimekosa nini mpaka nikaletwa kwao. Niliwaambia. Mzazi mmoja akasema, "Basi tumeletewa mwalimu."

Lakini pigo halikuwa letu peke yetu, na halikuishia kwa rika langu. Binti wa kaka alikua. Akapanga chumba Chapwa, pale Tunduma, akawa anauza nguo mpakani na Zambia, anachanganya Kiswahili na Kibemba kulingana na mteja. Alipofikisha umri wa kupiga kura nilimhimiza ajiandikishe. "Shangazi," aliniambia, "baba alijiandikisha."

Sisi tulipokea imani ile kwa mzazi, ikavunjwa mbele ya macho yetu. Yeye na wenzake hawakuwahi kuwa nayo. Kwao serikali ni gari jeupe lisilo na namba.

Siku ya vurugu za uchaguzi, vijana walipoingia barabarani, mtandao ulizimwa. Huku milimani hatukujua kitu mpaka simu yangu ilipoita kwa namba ya Zambia. Alikuwa yeye, anatumia laini ya ng'ambo maana minara ya kule inafika Tunduma. Nyuma yake nilisikia milio ya risasi.

"Uko wapi?"

"Nimerudi ndani. Macho yanawaka kwa mabomu ya machozi, lakini nipo mzima. Rafiki yangu tuliyekuwa naye ameanguka, shangazi. Hatukuweza kumbeba."

"Ulikwenda kufanya nini barabarani?"

"Sikurusha jiwe. Nilikwenda ili wanione. Wanasema watu hawajulikani. Mimi najulikana, jina langu ni la baba yangu."

Nilitaka kumgombeza. Nilitaka kumwambia yale niliyomwambia baba yake, punguza. Nilishindwa. Nikamwambia aoshe macho kwa maji mengi, afunge mlango, na kesho aende kwa wazazi wa rafiki yake akawaambie ukweli wote aliouona, asiache waambiwe na mtu mwingine. Alikwenda. Alikwenda pia kwenye mazishi, na aliandika kila alichokumbuka kwenye daftari la shule, ukurasa kwa ukurasa, na chini ya kila ukurasa akasaini.

Baba sasa ni mzee wa mkongojo. Kila Jumatatu anapanda bodaboda kwenda kituoni kuuliza jalada la mwanawe. Hajawahi kukosa ila wiki mbili alizougua. Likizo iliyopita tulimsindikiza, mimi na binti wa kaka, tukakaa naye kwenye benchi. Askari wa zamu, kijana mwenye umri wa mjukuu wake, alituona akashusha pumzi.

"Mzee, si nilikwambia? Upelelezi unaendelea."

"Nimesikia," baba akajibu. "Nami naendelea."

Kijana akainamisha kichwa. Binti wa kaka akafungua daftari lake, akaangalia saa ya ukutani, akamwomba askari jina lake na namba yake ya utumishi ili aandike kwamba tulikuja na tulijibiwa nini. Askari alisitasita, akatazama mlango wa bosi wake uliokuwa umefungwa. Kisha akamtajia, taratibu, herufi kwa herufi.