Mwezi katika Jicho la Masika

Majirani zangu wa Kasese, mnanijua. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi ghala la pamba ninakofanya kazi, na katikati napumzika. Kwa hiyo mkisikia kwamba mimi, Kule, nilipanda mlima wa Bwera kwa miguu yangu mwenyewe, chekeni tu. Mimi pia nilicheka, mpaka nilipofika.

Kilichonitoa nyumbani ni habari aliyoleta sokoni mwanamke mmoja wa huko juu. Dada yetu mkubwa, Masika, alikuwa akichuma kahawa, kitawi cha mbuni kikamchoma jichoni. Jicho likavimba. Kisha yule mwanamke akashusha sauti: "Kila jioni mwezi unachomoza ndani ya lile jicho. Asubuhi haupo. Wamemfungia ndani."

Masika ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa shambani. Nikaomba ruhusa kazini.

Barabarani kwenda Bwera nilipata lori la Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, Kongo, aliyekuwa akirudi kwao na chumvi ya Katwe. Tulipopita Kikorongo alicheka jinsi nilivyoukumbatia mlango wa lori.

"We mutoto ya Kasese, unaogopa nini? Njia iko moja tu, haiwezi kukupoteza."

Nikamweleza habari za dada yangu. Akaacha kucheka.

"Na banamufungia mu nyumba? Basi ile haiko ugonjwa. Ile iko mutu."

"Papa, mimi nimesoma sekondari. Mtu hawezi kuingia ndani ya jicho."

"Ndiyo, patron, bosi yangu," alijibu akibadilisha gia. "Lakini ile mutu haikusoma."

Kutoka Bwera nilianza kupanda jua likiwa limeinama. Njia ilisimama wima kama ngazi, na akina mama waliobeba mikungu ya ndizi kichwani walinipita wakinipa pole. Nilipokaribia kwa Masika, ukungu ulikuwa umeshuka migombani. Mbwa wawili waliniona, wakajikunja, hawakubweka. Mlangoni alikaa shemeji yangu Bwambale, panga juu ya magoti. Hakuniamkia.

"Ingia upesi, shemeji. Funga nyuma yako."

"Unamlinda nani?"

"Dada yako. Jana huyo anayemletea mwezi aliingia nikiwa hapa hapa, na sikuona hata jani likitikisika."

Mama mkwe wa Masika, ambaye nyumba nzima humwita Mukaka, yaani bibi, akanieleza utaratibu. Mgonjwa hulala chali chumba cha ndani kutwa nzima, macho ya watu yasimguse. Asubuhi jicho hutazamwa: safi. Jioni huinuliwa ale, na kabla bakuli halijaisha, mwezi umo. Basi kuna mtu anayeingia saa hiyo. Mpaka mtu huyo akamatwe, Masika hashuki hospitali, maana angefuatwa huko na kuchukuliwa jicho la pili. Na mimi nilikatazwa kumwona kabla ya asubuhi.

Asubuhi Mukaka aliinua kope kwa kidole. Jicho lilikuwa jekundu kama kahawa iliyoiva, mboni yake ina ukungu kidogo. Mwezi sikuuona.

"Umefika, mvivu wetu?" Masika aliniuliza, amelala. "Nani kakusukuma?"

"Chumvi ya Katwe. Linauma?"

"Lilikuwa linauma kama msumari. Sasa limetulia. Lakini naona mwanga tu, kama moto nyuma ya pazia."

Limetulia! Neno hilo lilinifurahisha kuliko inavyofaa. Nilishaanza kukiona kitanda changu. Nikasema uvimbe utashuka, mwezi ni maneno ya vilabuni, na nikiondoka mapema nitawahi lori.

"Ngoja," akasema Masika. "Mgeni haagwi na mtu aliyelala."

Mukaka alipinga kwamba si saa yake, lakini dada aliinuka, akaegemea ukuta, akaagiza niletewe bushera. Nikanywa ule uji huku nikimtania. Kibuyu kikanifia mdomoni.

Chini ya weusi wa jicho lake palitokea mstari mweupe. Ukanenepa polepole, bila haraka yoyote, kama maziwa yanavyojaa chomboni, ukawa mwezi mchanga wenye rangi ya usaha wa jipu, na juu yake umenyooka kama umepigwa rula. Hakuna aliyepita mlangoni. Jua lilikuwa linawaka nje. Nilisikia panga la Bwambale likianguka.

"Ameingia mchana," alinong'ona.

Masika aliinamisha kichwa upande ili anione vizuri kwa jicho zima. Mwezi nao ukahama taratibu, ukatulia tena sambamba na sakafu. Ilikuwa kama kuona maji ndani ya chupa iliyoinamishwa. Mtu hafanyi hivyo. Maji ndiyo hufanya hivyo.

"Dada, lala tena."

Alilala, tukangoja. Mwezi ulififia, ukatoweka. Akakaa, ukarudi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mgeni wa jioni unaweza kumfungia mlango. Huyu hakuwa akija wala kuondoka. Alikuwa humo siku zote, na sisi tulikuwa tumemfungia ndani pamoja na dada yangu. Nikasema dada anashuka hospitali leo hii.

"Mkimtoa nje, mtu huyo atawafuata," Mukaka akaonya.

"Atanifuata vipi, Mukaka," Masika akamjibu, "nami ndiye ninayembeba?"

Kabla ya adhuhuri majirani walileta machela, wakamlaza, tukashuka. Kwenye pumziko la kwanza mmoja wao akamfunua jicho. Safi! Wakafurahi, wakaigeuza machela kuelekea juu. Niliwafokea kwa Kikonzo, lugha yetu, na kwa Kiingereza changu chote cha shule. Wakanipa pole kama wale akina mama. Masika akateremka mwenyewe.

"Nikilala mtanirudisha. Nitatembea."

Akalifunika jicho kwa kitambaa, akashika shati langu kwa nyuma, na mimi ambaye huogopa ngazi za ghala nikawa macho yake mlimani.

Barabarani Bwera tulikuta kizuizi cha askari.

"Simama! Tikiti ya kodi! Na huyu mama anaficha nini? Funua!"

"Afande, ni mgonjwa."

"Nimesema funua!"

Masika akafunua. Askari akatazama, akarudi nyuma hatua moja, bunduki ikagonga ukuta wa kibanda chake.

"Pita," akasema, sauti imekuwa ya kitoto. "Pita haraka."

Lori tulilopata lilikuwa la yule yule Papa Kasereka, aliyekuwa ameiacha chumvi mpakani na sasa anarudi Katwe kuchukua nyingine. Alimkalisha dada yangu mbele, na mpaka Kisinga hakugeuza uso upande wake hata mara moja.

Hospitali ya misheni pale Kisinga, daktari alimtazama akiwa amekaa, tena akiwa amelala, akatikisa kichwa. Kitawi kilipeleka uchafu ndani ya jicho lenyewe, si kwenye ngozi yake. Ndani kumeoza. Mwezi ni usaha: mgonjwa akikaa unashuka chini, akilala unatawanyika. Na kutulia kwa maumivu hakukuwa kupona. Jicho lilikuwa linakufa.

"Na hili jingine?" Masika akauliza. Ndilo swali pekee aliloshuka nalo mlimani.

"Tukilitoa bovu leo, tuna matumaini na hilo."

Wakalitoa. Nilikaa naye mpaka bandeji ilipofunguliwa, naye akanitazama kwa jicho lililobaki.

"Kule," akasema, "umenenepa."

Nikatoka nje nikalie mbali na watu.

Nimerudi Kasese, na kitanda changu kimenipokea bila maswali. Masika anachuma kahawa tena, kitambaa kimefunika upande mmoja. Bwambale panga lake sasa analipeleka migombani. Kuhusu elimu yangu ya sekondari, sina la kujivunia: ilikuwa imeshachukua kofia kwenda kuwahi lori, ikazuiwa na adabu ya mgonjwa. Ila mmeshaniona ninapomtembelea mtu asubuhi, mkanicheka. Akiniambia hajambo huku amelala, siitikii. Namwambia: kaa kwanza, nikuone.